MTOTO ANAPOPEWA DAWA NJE YA MAELEZO YA USAJILI

Kila dawa inayoruhusiwa kutumika nchini husajiliwa pamoja na maelezo yake: maradhi inayotibu, umri au uzito wa anayestahiki kuitumia, na kipimo chake. Tanzania Bara kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Zanzibar ni ya Wakala wa Chakula na Dawa. Daktari anapompa mtoto dawa kwa umri, uzito au maradhi yasiyotajwa katika maelezo hayo, huwa ameitumia nje ya usajili. Kufanya hivyo kwa ushahidi wa kitaalamu si kosa, wala si kumfanyia mtoto majaribio. Dawa nyingi zilichunguzwa kwa watu wazima tu, na mtoto mgonjwa hawezi kungoja.

Mfano ulio wazi ni dawa mseto ya malaria. Vidonge vyake vilisajiliwa kwa mtoto wa kilo 5 na kuendelea. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba mtoto wa chini ya kilo 5 mwenye malaria isiyo kali naye apewe dawa mseto, kwa kipimo kilekile kwa kila kilo. Julai 2025 ndipo Uswisi ilipoidhinisha dawa ya kwanza ya malaria iliyotengenezwa kwa ajili ya wachanga hao.

Hatari iko katika kukisia. Mnamo 1959 ilibainika kuwa dawa ya kloramfeniko iliwaua watoto wachanga kwa sababu maini yao hayakuweza kuiondoa mwilini. Kinyume chake, sindano ya atesuneti kwa malaria kali ni miligramu 2.4 kwa kila kilo ya mtu mzima, lakini ni miligramu 3 kwa mtoto wa chini ya kilo 20. Hivyo kipimo cha mtoto hakipatikani kwa kugawa tu cha mkubwa.

Makisio hayo yana gharama zaidi katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambako vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemisinini vimethibitishwa. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 wilayani Karagwe, zaidi ya mtoto mmoja katika kila kumi waliotibiwa alikuwa bado na vimelea siku ya tatu. Dawa mseto ziliendelea kuponya. Lakini kipimo pungufu huviacha hai vimelea sugu, navyo husafiri na watu, hata kufika Visiwani.

Kwa hiyo wahusika wazingatie yafuatayo:

(a) Mtoto apimwe uzito siku ileile anayoandikiwa dawa.

(b) Daktari aandike katika jalada kipimo na sababu ya kutoka nje ya maelezo, na amweleze mzazi.

(c) Mtoto akitapika dawa mseto kabla ya saa moja kupita, muuguzi aarifiwe ili kipimo kirudiwe.

(d) Mzazi asikate vidonge nyumbani kwa makisio, wala asimpe mtoto mwengine dawa iliyobaki.

Mzazi anayo haki ya kuuliza mtoto wake ana kilo ngapi na kipimo kimehesabiwaje. Mtumishi wa afya anao wajibu wa kumjibu.