Baragumu: Pembe ya tandala na koncheto za Mozart ni ndugu wa damu

MWANAFUNZI wa Nakuru anayesikia kwa mara ya kwanza koncheto ya baragumu la okestra, lile la shaba lililozungushwa kama nyoka aliyejikunja, huenda akadhani kwamba ni chombo kigeni kabisa. Ukweli ni kwamba asili ya chombo hicho haiko mbali na kwao.

Kaskazini mwa Nakuru, kwenye vilima vinavyozunguka Ziwa Bogoria, wangali wanaishi tandala wakubwa, wanyama ambao dume lao huota pembe ndefu zilizosokotwa. Wamaasai wa Bonde la Ufa wametumia pembe za tandala tangu jadi kuwaita morani na kutangaza sherehe za rika. Huko pwani, siwa ya Pate iliyochongwa kwa pembe ya ndovu na siwa ya shaba ya Lamu zilikuwa alama za utawala, na leo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu.

Pembe hizi hupulizwa kupitia tundu lililotobolewa ubavuni, ilhali baragumu la Ulaya hupulizwa mwishoni. Hata hivyo, kanuni ni ile ile. Midomo hutikisika, nayo hewa iliyo ndani ya mwanzi hutikisika pamoja nayo. Mpulizaji akikaza midomo, sauti hupanda. Lakini haipandi hatua kwa hatua kama ngazi, bali huruka kutoka sauti moja ya asili hadi nyingine. Mwanzi ukiwa mfupi, kama ulivyo wa tandala, sauti hizo huwa chache. Baragumu la okestra lina mwanzi wa takriban mita 3.7, na kwa hiyo sauti zake ni nyingi, na kule juu hukaribiana sana. Ndiyo sababu mpigaji huteleza kwa urahisi.

Wolfgang Amadeus Mozart alipomtungia rafiki yake Joseph Leutgeb koncheto nne kati ya mwaka wa 1783 na 1791, baragumu halikuwa na vali hata moja. Sauti zilizokosekana zilipatikana kwa kuingiza mkono katika mdomo mpana wa chombo na kuuziba kwa kadiri. Mozart alimtania Leutgeb kwa maneno ya kejeli aliyoyaandika kwenye nota zenyewe, lakini muziki aliompa ulidai ustadi wa hali ya juu. Beethoven naye alimwandikia Giovanni Punto sonata ya baragumu na piano mwaka wa 1800.

Vali zilibuniwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 19, zikamwezesha mpigaji kurefusha mwanzi kwa kubonyeza kidole. Richard Strauss, ambaye baba yake alikuwa mpiga baragumu mashuhuri mjini Munich, alikamilisha koncheto yake ya kwanza mwaka wa 1883 akiwa na umri wa miaka 18. Ya pili aliitunga mwaka wa 1942.

Lakini pembe ya kale haikusahauliwa. Mwaka wa 1943, Benjamin Britten wa Uingereza alianza na kumaliza 'Serenade' yake kwa baragumu peke yake, akiagiza kwamba vali zisiguswe. Baadhi ya sauti husikika kana kwamba zimepotoka. Hazijapotoka; ndivyo pembe inavyosema.

Funzo hapa ni kubwa kwa shule zetu. Baragumu jipya ni ghali mno kwa shule nyingi, nao wazee wanaojua kupuliza pembe wanazidi kupungua. Pembe ya tandala yenyewe si ya kuokotwa na kupelekwa darasani, kwani Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inakataza kumiliki nyara bila kibali.

Hata hivyo, pembe ya ng'ombe haina kizuizi hicho. Na mpira wa kumwagilia maji hupatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Jijini London mwaka wa 1956, Dennis Brain, ambaye Britten alimtungia 'Serenade', alipanda jukwaani akapiga muziki wa Leopold Mozart, babake Wolfgang, kwa mpira wa aina hiyo. Hadhira ilicheka, lakini muziki ulisikika.

Ustadi wa baragumu huanzia midomoni na masikioni. Shaba inaweza kusubiri. Mwalimu anayengoja fedha za kuinunua ndipo aanze kufundisha, na huku mzee mpuliza pembe yu hai kijijini, anapoteza wakati ambao hautarudi.