Kila Mtu na Wembe Wake

Hapa Singida kuchanja mwili si jambo geni. Wabarabaigi huchanja alama kuzunguka macho, na wengi wetu tulitogwa masikio tungali wadogo. Siku hizi vijana huchorana tatuu kwa sindano na wino. Alama yenyewe haina neno. Shida ni wembe mmoja kupita kwa watu watano.

Kijana atasema, "Nimeufuta, hauna damu." Ndugu msomaji, usikubali. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa kwenye damu iliyokauka siku 7 na bado vikaambukiza. UKIMWI nao hupitia wembe. Watoto wa Tanzania walianza kuchanjwa dhidi ya homa hiyo mwaka 2002, basi wakubwa wengi hawana kinga ya chanjo.

Wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele yako. Sindano vile vile, na wino wa kila mtu mbali. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni. Eti wengine hupaka udongo au mavi ya ng'ombe! Humo ndimo hukaa vijidudu vya pepopunda. Sikio likitoa usaha, nenda zahanati. Taya zikikaza, usingoje hata kesho.