Jiwe la Kupimia na Kitabu cha Mwalimu

Ninyi mlioko Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, na wote mlio nasi wakati huu, fungueni pamoja nami Kumbukumbu la Torati, mlango wa 25, tangu mstari wa 13. Hapo Sheria inaingia mpaka ndani ya mfuko wa mfanya biashara na kuyatazama mawe yake ya kupimia, kama lile la kununulia na lile la kuuzia ni moja.

Taita yetu ina biashara ya mawe ya namna nyingine. Kito cha kijani kiitwacho tsavoraiti kilipewa jina la Tsavo mwaka 1974. Mchimbaji hutoka shimoni na kijiwe chenye vumbi kiganjani, naye pengine hajui thamani yake. Dalali anajua. Je, dalali akinyamaza ni mwizi, au ni mwerevu tu? Na hayo ni kabla hatujauliza shimo ni la nani. Mwaka 2009 mwanajiolojia Campbell Bridges, aliyekitambulisha kito hicho kwa ulimwengu, aliuawa karibu na Voi katika ugomvi wa machimbo.

Basi pale Voi kuna Chuo Kikuu cha Taita Taveta, chuo cha umma kilichopata hati yake mwaka 2016, na vijana wetu husomea biashara humo. Mwalimu hawezi kuwaambia tu, “Muwe waaminifu,” kisha akafunga daftari. Anahitaji kisa kilichoandikwa: mchimbaji alikuwa na nini, aliambiwa nini, bei ilikuwa ngapi, nani alijua na nani hakujua. Kisa kinaishia pale penye uamuzi, ndipo wanafunzi wabishane.

Huenda mwingine akashangaa nikitaja Wajesuiti katika kipindi chetu. Ni shirika la Kikatoliki, lakini katika jambo hili la vifaa vya kufundishia wametutangulia. Shule yao ya kwanza kwa watu wa nje waliifungua Messina, Italia, mwaka 1548. Mwongozo wao wa masomo haukuandikwa na mtu mmoja. Mapadre sita wa nchi mbali mbali waliitwa Roma mwaka 1584. Rasimu ikapelekwa shuleni mwaka 1586 ili walimu waikosoe, ikaandikwa tena mwaka 1591, na toleo la mwisho likatoka mwaka 1599. Miaka kumi na mitano! Leo vyuo vyao vina shule za biashara, kama XLRI ya Jamshedpur, India, iliyoanzishwa mwaka 1949. Na Chuo cha Le Moyne, Marekani, kina mkusanyo wa visa vya biashara uitwao Global Jesuit Case Series, ambao walimu wa vyuo mbali mbali huuandikia.

Kazi hiyo ina gharama. Mwalimu hana budi kusafiri, kuketi na mchimbaji na dalali, kuomba ruhusa yao, kuandika, kisha kumpa mwalimu wa chuo kingine akijaribu kisa darasani na kurudisha makosa. Tena wakati huo hafundishi, nayo mishahara haingoji. Wajesuiti wa kwanza walifundisha bila karo, maskini na tajiri pamoja, kwa hiyo kabla ya kufungua shule walitafuta mfuko wa kuitegemeza kutoka kwa wakuu na miji.

Lakini hapo ndipo pana hatari. Tajiri wa vito akilipia kisa cha vito, je, dalali wake ataandikwa kama alivyo? Kwangu mimi, fedha za namna hiyo ni jiwe la pili mfukoni.

Sisi tunao mfano wa karibu zaidi. Mmisionari J. A. Wray wa C.M.S. alifika Sagalla mwaka 1883, na kitabu chake kidogo cha kufundisha lugha ya Kitaita kilichapwa London na S.P.C.K. mwaka 1894. Maneno yalitoka vinywani mwa watu wa hapa, nayo gharama ikachukuliwa na chama cha Wakristo ambao wengi wao hawakuiona Taita. Makanisa yaliyochanga mabati na madawati yaweza kuchangia na visa vitatu au vinne, kikiwemo cha mkonge na cha soko la nyanya la Taveta, yakishirikiana hata na Wakatoliki walioko Bura tangu mwaka 1892.

Sharti liandikwe mapema: mtoa fedha hasomi kisa kabla hakijachapwa, wala hana ruhusa ya kufuta neno. Na sharti hilo litufunge hata sisi, kwa kuwa mwalimu mwenye bidii hatakosa kuja siku moja kuuliza habari za daftari ya harambee yetu.