Punje Inayofaa Bunduki ya Upepo

Bunduki ya upepo haitumii baruti. Hewa iliyoshindiliwa ndiyo inayosukuma punje ya risasi ndani ya mtutu. Katika zile zenye nguvu kubwa, hewa hujazwa kwa pampu au mtungi mpaka shinikizo la baa 200 hata 300, ilhali gurudumu la gari dogo hutosheka na baa 2 na ushei. Hata hivyo, nguvu hiyo yote haimfai kitu mlengaji ikiwa punje hazilingani na mtutu.

Hapo ndipo bunduki hii inapoachana na gobore, linalofahamika vijijini katika nyanda za juu za Kigoma. Mtutu wa gobore ni laini ndani, nalo hushindiliwa kupitia mdomoni baruti pamoja na goroli au vipande vya chuma. Kinachopita ndicho kinachotumika. Mtutu wa bunduki ya upepo una mifereji iliyojipinda, inayoizungusha punje kama pia ili isiyumbe hewani. Mtutu wa namna hiyo haukubali kila kitu.

Punje ya kawaida, ikiwekwa kiganjani, inafanana na kinu kilicholazwa: kichwa kizima mbele, kiuno chembamba katikati, na nyuma sketi yenye uwazi kama mdomo wa kinu. Hewa ikiingia kwenye uwazi huo, sketi hutanuka na kubana mtutu, hivyo hewa haivuji. Punje nyingi hutengenezwa kwa madini ya risasi kwa sababu ni laini na hushika mifereji bila kuikwaruza.

Vipimo vilivyozoeleka vya kipenyo ni milimita 4.5, 5.5 na 6.35. Kipenyo huandikwa kwenye bunduki na kwa kawaida hakibadilishwi. Kinachochaguliwa ni umbo na uzito. Punje yenye kichwa bapa hutoboa tundu safi kwenye karatasi ya shabaha, lakini ikienda mbali huanza kuyumba, kwa hiyo hufaa masafa mafupi. Yenye ncha kali huvutia macho, ila ncha ikikaa upande kidogo tu, punje hupotea njia. Kwa bunduki yenye nguvu na kwa masafa marefu, kichwa cha mviringo ndicho huaminika zaidi.

Uzito huamua mwendo. Punje nyepesi mno katika bunduki kali hukaribia mwendo wa sauti, yaani takriban meta 340 kwa sekunde. Hapo hewa huisukasuka na shabaha hutawanyika. Nzito mno huenda polepole na kushuka mapema. Walengaji wengi hupendelea mwendo wa kati ya meta 240 na 290. Kwa kipenyo cha milimita 5.5, mara nyingi hilo hupatikana kwa punje za gramu 1 hadi 1.2, kutegemea nguvu ya bunduki.

Mwinuko nao una lake. Katika mwinuko wa meta 1,200 au zaidi, kama ule wa sehemu nyingi za Kibondo mkoani Kigoma, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya kumi. Huko punje hupoteza mwendo kwa kiasi kidogo kuliko pwani, hivyo bunduki iliyosawazishwa Dar es Salaam, ikipigwa Mabamba, Kibondo, kwa masafa marefu, itapiga juu kidogo.

Baada ya hesabu zote, mwamuzi ni karatasi. Hununuliwa aina tatu au nne za punje. Kila aina hupigwa kumi au zaidi kwanza ili mtutu uizoee, kisha makundi kadhaa ya punje tano tano, kitako kikiwa kimeegemezwa, alfajiri kabla upepo haujaamka. Hupimwa umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi katika kila kundi. Aina yenye makundi madogo kila mara ndiyo chaguo, hata kama bunduki nyingine inayofanana nayo inaikataa.

Punje zilizochaguliwa hukaguliwa moja moja. Yenye sketi iliyobonyea hutupwa, na zilizobaki zinaweza kupimwa kwa mizani ya sonara ili zilingane. Kopo la punje halitikiswi wala kuangushwa, kwani sketi huharibika upesi. Risasi ni sumu: mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kula, na punje huwekwa mbali na watoto. Kabla ya kununua bunduki yenyewe, masharti ya umiliki huulizwa kituo cha polisi. Na kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, silaha iwe ya baruti au ya upepo.