Rekodi za intaneti: kutoka pwani hadi Kilosa

Waya mkongwe kuliko zote pwani yetu. Kabla ya intaneti kulikuwa na telegrafu: mwaka 1879 waya wake uliopita chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar. Jengo la ofisi ya telegrafu pale Shangani bado limesimama. Leo ni hoteli.

Anwani za kwanza. Kenya ilitangulia kupata anwani yake ya nchi, .ke, Aprili 1993. Uganda ilipata .ug Machi 1995, Tanzania .tz Julai mwaka huohuo.

Safari ndefu kuliko zote. Hii ndiyo inayonigusa zaidi. Zamani wateja wa kampuni mbili tofauti za intaneti Dar es Salaam, hata wakiwa mtaa mmoja, wangeweza kuandikiana na ujumbe ukazungukia Ulaya au Marekani. Ulipanda hadi kwenye setilaiti, kilomita 36,000 juu, ukashuka ng'ambo, kisha ukapanda tena ili urudi nyumbani: zaidi ya kilomita 140,000, na safari yote ikilipiwa kwa fedha za kigeni. Dawa yake ni kituo ambako kampuni zinabadilishana data hapahapa nchini. Wakenya walifungua chao, KIXP, mwaka 2000; mdhibiti wa mawasiliano akakifunga, kikarudi 2002. Dar es Salaam ikapata chake, TIX, mwaka 2004. Kwangu mimi hatua hii inauzidi mkongo wowote wa baharini.

Mkongo uliowahi. Mkongo wa TEAMS ulifika Mombasa Juni 2009, lakini SEACOM, wenye urefu wa kilomita 17,000 hivi, ndio uliotangulia kuanza kazi, Julai 23, 2009, Dar es Salaam ikiwemo.

Siku ngumu. Mei 12, 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika siku moja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi.

Na Kilosa? Wilaya hii ilikuwa na kituo chake cha mawasiliano vijijini, KIRSEC, ambacho watafiti walikichunguza sambamba na kile cha FADECO cha Karagwe, wakitaka kujua maarifa ya kilimo yanamfikiaje mkulima. Katika vituo vya namna hii kompyuta chache huhudumia watu wengi, na asiyejua kuitumia husaidiwa na mhudumu. Hiyo nayo ni historia ya intaneti, sawa na mikongo ya baharini, ila waandishi wake ni wachache mno.

Kama unamfahamu mtu aliyefungua barua pepe ya kwanza Kilosa mjini, au Mikumi pale kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, muulize angali hai. Andika jina lake, mwaka na jengo alimokuwa.