Taarab kwa masikio mageni: nyimbo kumi za kuanzia

Vijana wengi wa Kiswahili waliozaliwa ughaibuni huisikia taarab kwa mara ya kwanza katika harusi za jamaa zao. Huwaona mama na shangazi zao wakiinuka kwenda kumtunza mwimbaji, lakini wao wenyewe hawajui ni neno gani lililowainua.

Wapo wanaorudi nyumbani na kuutafuta muziki huo katika intaneti. Wakianza na santuri za kale, hukutana na mikwaruzo na sauti ya mbali. Wakianza na vikundi vikubwa vya Zanzibar, huenda wakasubiri dakika kadhaa za ala tupu kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Ni rahisi kukata tamaa hapo.

Njia nyepesi ni kupanga orodha fupi ya nyimbo kumi, inayoanzia kwenye kile ambacho sikio limekwisha kukizoea na kurudi nyuma polepole. Kila hatua ibadilishe jambo moja tu.

Kuanzia leo kurudi jana

Nyimbo mbili za kwanza ziwe za taarab ya kisasa, iliyoshamiri tangu miaka ya 1990 kwa vikundi kama East African Melody na waimbaji kama Khadija Kopa. Kinanda cha umeme, gitaa na besi havitamshangaza kijana aliyezoea bongo fleva. Kinachobadilika ni maneno: mipasho, yaani maneno ya kumlenga mtu bila kumtaja jina.

Mbili zinazofuata zitoke Tanga. Katika miaka ya 1960 na 1970, vikundi vya mji huo kama Black Star na Lucky Star vilipiga taarab kwa ala chache, magitaa yakiwa mbele. Hapo ndipo sauti ya Shakila Said ilipopata umaarufu. Gitaa bado lipo, ila mwendo umetulia na fumbo limefichwa zaidi.

Hatua ya tatu ni Mombasa. Juma Bhalo, aliyefariki dunia mwaka 2014, alitia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi. Aliyekulia katika nyumba yenye filamu hizo atajiona mwenyeji. Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, alikuwa bingwa wa udi, ala ambayo kijana wa Muscat au Dubai hahitaji kutambulishwa.

Zanzibar na mizizi yake

Baada ya hapo sikio liko tayari kwa kundi kamili la ala za Zanzibar: kanuni, fidla, udi, nai, kodiani na dumbaki. Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Wimbo mmoja wa mojawapo ya vikundi hivi watosha. Utangulizi wa ala usirukwe, kwani ndio unaomwandaa msikilizaji kwa mahadhi atakayoyasikia.

Wimbo wa nane uwe wa Bi Kidude, aliyefariki mwezi Aprili 2013. Yeye aliziimba nyimbo za Siti binti Saad, na sauti yake ilirekodiwa kwa mitambo ya kisasa. Kwa hiyo ni daraja zuri la kumfikia Siti mwenyewe katika nafasi ya tisa.

Siti, mzaliwa wa Fumba, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Taarab ya majumba ya kifalme ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili na kuifikisha kwa watu wa kawaida. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba takriban dakika tatu tu, hivyo wimbo ulilazimika kufupishwa. Msikilizaji aliyepita hatua zote zilizotangulia ataisikia sauti iliyo nyuma ya mikwaruzo.

Namna ya kusikiliza

Inafaa kuchukua nyimbo mbili kwa wiki, na kila wimbo usikilizwe mara tatu. Mara ya kwanza bila kazi nyingine yoyote. Mara ya pili kwa kufuata ala moja, kama vile fidla, inavyomjibu mwimbaji. Mara ya tatu kwa kufuata maneno, kalamu mkononi.

Hapa ndipo penye ugumu kwa waliolelewa mbali na pwani. Ua, jahazi au ndege katika shairi la taarab mara nyingi si ua, jahazi wala ndege. Kamusi hutoa maana ya neno, lakini haisemi fumbo lilimlenga nani wala kwa nini ukumbi ulipiga vigelegele. Wanaoyajua hayo ni wazee, na kila mwaka wanapungua. Wimbo utabaki katika mashine. Maelezo yake hayatabaki yasipoulizwa.

Kwa sababu hiyo, nafasi ya kumi iachwe wazi. Mwenye kuijaza awe mama, babu au jirani aliyekulia pwani: aombwe wimbo mmoja anaoukumbuka, kisha aulizwe aliusikia wapi, uliimbwa kwa ajili ya nani, na siku ile nani aliinuka kwenda kutunza.