Simu Imevunjika, Yaliyomo Bado Yamo: Jinsi ya Kuyatoa kwa Kompyuta

Simu ikianguka na kupasuka, jambo la kwanza linalomjia mwenyewe ni bei ya skrini. La pili huja baadaye, na mara nyingi ndilo linalouma zaidi: picha za mzazi aliyefariki, rekodi za michango ya chama, picha ya hatimiliki ya shamba, au barua ya shule inayohitajika kwenye fomu ya basari. Skrini inaweza kununuliwa tena. Picha hizo haziwezi.

Makala haya yanawaeleza wakaazi jinsi ya kuokoa data, yaani picha, majina, jumbe na stakabadhi, kutoka kwa simu iliyoharibika. Kazi nyingi unaweza kuifanya mwenyewe kwa kompyuta ya nyumbani, ya jirani au ya saiba. Lililo muhimu ni kutokuwa na haraka. Data nyingi hupotea si wakati simu inapoanguka, bali saa chache baadaye, mtu anapokubali simu irisetiwe au anapoichomeka kwenye chaji ikiwa na maji.

Anza na vitu ambavyo haviko ndani ya simu

Kabla ya kulipa mtu yeyote, toa laini kwenye simu iliyovunjika na uiweke kwenye simu nyingine, hata kama ni kabambe. Hii ndiyo hatua ya kwanza kwa sababu huduma nyingi hutuma nambari ya kuthibitisha kwa ujumbe mfupi, na bila laini hutaipata.

Pesa zako za M-Pesa haziko ndani ya simu. Ziko kwenye akaunti iliyofungamanishwa na laini yako, na PIN ya M-Pesa ni ile ile. Ukiwa na kabambe, piga *334# na uendelee kama kawaida. Ikiwa laini yenyewe imeharibika, nenda na kitambulisho chako kwenye duka la kampuni yako ya simu ili upewe laini mpya yenye nambari ile ile.

Majina na nambari za watu, ikiwa yalihifadhiwa kwenye akaunti ya Google, yanapatikana kwenye kompyuta yoyote. Ingia kwa barua pepe yako kwenye contacts.google.com. Kwa picha, angalia photos.google.com. Watu wengi hugundua hapo kwamba simu ilikuwa ikihifadhi vitu hivi muda wote bila wao kujua.

WhatsApp hurejesha mazungumzo kwenye simu nyingine ikiwa ulikuwa umewasha uhifadhi wa Google Drive na unatumia nambari na akaunti ile ile. Kama ulikuwa umeiunganisha na kompyuta, itaendelea kufanya kazi huko kwa siku 14 bila simu. Tumia siku hizo kupakua vitu muhimu.

Stakabadhi za serikali zilizotoka eCitizen na cheti cha PIN ya KRA kutoka iTax hupakuliwa upya. Hakuna haja ya kulipa fundi azitoe kwenye simu.

Ukimaliza hatua hizi, andika orodha ya vitu ambavyo bado hujavipata. Orodha hiyo ndiyo itakayokuonyesha kama kuna haja ya kuhangaika na simu.

Kwa nini skrini ikivunjika data haipotei

Skrini ni dirisha tu. Data imekaa kwenye kumbukumbu iliyo juu ya bodi ndani ya simu. Ili kompyuta iifikie, mambo mawili yanahitajika: simu iweze kuwaka, na iweze kufunguliwa kwa PIN, mchoro au alama ya kidole.

Hili la pili ndilo huwashangaza wengi. Simu za siku hizi hufunga data kwa msimbo. Simu zote za Android zilizotoka kiwandani na toleo la 10, la mwaka 2019, au la baadaye zina kufuli hiyo, na iPhone vilevile. Ufunguo umefungamanishwa na bodi ya simu hiyo na PIN yako. Kwa hivyo mtu akikuambia atang'oa kumbukumbu na kuisoma kwenye simu nyingine, kwa simu ya kisasa hilo halitakusaidia. Lazima bodi yenyewe ifanye kazi tena.

Skrini imepasuka lakini bado inashika

Hii ndiyo hali rahisi zaidi. Fanya kazi hii leo, usingoje kesho, kwa sababu ufa huendelea kupanuka.

1. Tafuta kebo ya USB inayopitisha data. Baadhi ya kebo za bei rahisi hupitisha chaji peke yake, na kompyuta haitaiona simu.

2. Chomeka simu kwenye kompyuta, kisha uifungue kwa PIN. Isipofunguliwa, kompyuta itaonyesha folda tupu.

3. Telezesha kidole kutoka juu ya skrini, bonyeza ilani ya USB, na uchague "File transfer". Simu za Android kwa kawaida huanza kwa kuchaji tu hadi uchague hivyo.

4. Kwenye Windows, fungua "This PC". Simu itaonekana kwa jina lake. Kompyuta za Mac huhitaji programu ya ziada ili kusoma simu za Android.

5. Picha na video za kamera ziko kwenye folda ya DCIM. Angalia pia Pictures, Download na Documents. Picha na sauti za WhatsApp, kwa simu za karibuni, ziko ndani ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp.

6. Nakili, usihamishe. Ukihamisha na kebo ikachomoka katikati, unaweza kupoteza faili. Ukinakili, asili inabaki kwenye simu.

7. Fungua faili kadhaa kwenye kompyuta uhakikishe zinafunguka kabla ya kuichomoa simu.

Jumbe za SMS na majina hayaonekani kama faili kwenye folda hizi. Kwa majina, fungua programu ya anwani kwenye simu na uchague kuyatoa kama faili moja, kisha uinakili pamoja na vingine.

Skrini inaonyesha lakini haishiki kidole

Nunua adapta ndogo iitwayo OTG, uichomeke kwenye tundu la chaji la simu, kisha uchomeke kipanya cha kompyuta. Kwenye simu nyingi mshale utatokea, na utaweza kubonyeza PIN au kuchora mchoro wako kwa kipanya.

Shida ni kwamba kipanya sasa kimekalia tundu ambalo ungelitumia kwa kompyuta. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutumia kigawanyo cha USB chenye matundu kadhaa, uchomeke kipanya na flashi pamoja, unakili faili kwenye flashi, kisha uipeleke flashi kwenye kompyuta. Ya pili ni kutumia kipanya cha Bluetooth. Kikishaungana na simu, tundu linabaki huru kwa kebo ya kompyuta.

Usiizime simu ukiwa katika hali hii. Ikizimwa na kuwashwa, haitakubali alama ya kidole hadi PIN iingizwe kwanza.

Skrini ni nyeusi lakini simu inalia

Ukiipigia na ikalia au kutetema, bodi ni nzima. Baadhi ya simu za bei ya juu zinaweza kuonyesha picha kwenye televisheni kupitia tundu la USB-C, lakini nyingi za bei nafuu haziwezi.

Kuna programu zinazoonyesha skrini ya simu kwenye kompyuta, kama scrcpy ambayo ni ya bure. Hizi hufanya kazi tu ikiwa ulikuwa umewasha ruhusa ya wasanidi na kuikubali kompyuta hiyo kabla simu haijavunjika. Kama hukufanya hivyo, hakuna programu ya kununua itakayokuruka. Jihadhari na matangazo ya programu zinazodai kutoa data kwa simu yoyote. Nyingi hudai malipo kwanza, kisha hukuomba ubonyeze kwenye skrini ile ile iliyokufa.

Njia ya uhakika ni kumwomba fundi aunganishe skrini nyingine ya modeli hiyo, hata ya kujaribia, kwa muda wa kunakili tu. Ikiwaka, rudi kwenye hatua saba zilizo juu.

Simu haiwaki kabisa, au imeingia maji

Isipowaka, mara nyingi tatizo huwa betri au tundu la chaji, na vyote viwili hubadilishwa bila kugusa data. Betri ikiwa imevimba, usiichaji na usiibonyeze.

Ikiingia maji, izime, toa laini na kadi ya kumbukumbu, na usiichaji. Usiizike kwenye mchele. Mchele hautoi maji yaliyo ndani ya bodi, na chembe zake huingia kwenye matundu. Ikiwa ni maji ya chumvi, ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo ili bodi isafishwe, kwa sababu chumvi hula vyuma haraka.

Kadi ya kumbukumbu, iPhone na kabambe

Kama simu ina kadi ya kumbukumbu, itoe na uisome kwenye kompyuta kwa kisoma kadi. Isipokuwa uliigeuza kuwa sehemu ya kumbukumbu ya ndani ya simu, yaliyomo yatasomeka.

Kwa iPhone, simu itauliza kama unaiamini kompyuta hiyo, na lazima uingize PIN kwenye simu. Baadaye unaweza kunakili picha au kuhifadhi simu yote kwa iTunes kwenye Windows, au kwa Finder kwenye Mac.

Kwa kabambe, majina huwa kwenye laini au kwenye kumbukumbu ya simu. Yaliyo kwenye laini huhama nayo.

Mambo yanayofuta kila kitu

Usikubali simu irisetiwe au iflashiwe kabla data haijatoka. Kazi hizo hurudisha simu katika hali ya kiwandani na kufuta yaliyomo. Pia usikisie PIN mara nyingi. Baadhi ya simu hujifunga kwa muda mrefu, na nyingine hujifuta.

Unapompelekea fundi

Mafundi wa simu katika miji na masoko yetu wanafanya kazi nzuri na wengi ni waaminifu. Hata hivyo, chukua hatua hizi. Toa laini kabla ya kumpa simu. Mweleze waziwazi kwamba unataka data kwanza, ukarabati baadaye. Uliza bei ikiwa itafaulu na ikiwa haitafaulu. Kaa naye kazi ikifanywa kama unaweza. Anaweza kuhitaji PIN ya kufungua simu, lakini hahitaji PIN ya M-Pesa kwa sababu yoyote. Kazi ikiisha, badilisha PIN ya simu.

Ukitumia kompyuta ya saiba, futa nakala ulizoacha, safisha pipa la takataka la kompyuta, na utoke kwenye akaunti yako ya Google.

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kusambaza picha za siri za mtu ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Simu za kazi

Wahudumu wa afya ya jamii wanaosajili nyumba kwa simu wanakumbushwa kwamba simu hizo zina habari za afya za majirani zetu. Ikivunjika, usiipeleke kwa fundi wa sokoni. Mjulishe msimamizi wako mara moja, hasa kama kuna nyumba ulizosajili bila mtandao na bado hazijatumwa. Habari hizo ziko kwenye simu hiyo pekee hadi itakapounganishwa.

Weka nakala simu ikiwa nzima

Kama simu yako ni nzima unaposoma haya, fungua mipangilio, tafuta "Backup" na uiwashe. Kama bando ni ghali kwako, chagua ihifadhi kwa Wi-Fi pekee, au nakili folda ya DCIM kwenye kompyuta au flashi mara moja kwa mwezi. Andika PIN na barua pepe yako kwenye karatasi, uiweke nyumbani mahali salama, mbali na simu. Makatibu wa chama na vikundi wawe na nakala ya daftari la michango kwa angalau mwanachama mmoja mwingine, ili kumbukumbu za kikundi kizima zisitegemee skrini ya mtu mmoja.